Wateja wananikimbia sababu ya TB, nifunge banda?

Shikamoo Anti, pole na majukumu. Naomba jina langu lisitoke maana huku kwetu Buguruni kila mtu ana simu na mimi nimeshasemwa vya kutosha.

Mimi ni mama ntilie, nina miaka 34, banda langu liko pembeni ya gereji, asubuhi supu na chapati, mchana wali maharage na ugali samaki, Ijumaa pilau. Biashara siyo kubwa kivile ila ndo inayolipa kodi na michango ya shule ya mtoto mkubwa, baba watoto ni bodaboda na hela ya bodaboda unaijua mwenyewe, leo ipo kesho hata hesabu ya bosi haijatimia.

Sasa kikohozi kilianza kama utani, ule mwezi wa saba wa baridi, nikasema huu moshi wa mkaa tu. Nikaenda duka la dawa nikapewa amoksi na dawa ya chupa, nikapata nafuu kidogo kikarudi, nikapewa vidonge vingine vya bei zaidi, hivyo hivyo mpaka nikawa nakohoa huku nimeshika mwiko. Usiku jasho linanitoka mpaka shuka linalowa, magauni yakaanza kunipwaya, wajuaji wa mtaani wakasema nina ngoma, jirani mwingine akasema nimetupiwa kitu na mwenzangu wa banda la pili sababu ya wateja, akataka anipeleke kwa mtaalamu Mbagala huko. Sikwenda, nashukuru Mungu. Dada yangu ndo alinivuta mpaka kituo cha afya, nikapewa kikopo, nikatoa makohozi, majibu yakaja ni TB. Wakanipima na ukimwi, sina.

Nikaanzishiwa dawa, vidonge vitatu kila asubuhi kwa sababu nilikuwa na kilo 47. Ile siku ya kwanza naenda haja ndogo naona rangi nyekundu nikalia nikijua ni damu, kumbe ni dawa. Sasa hivi naingia mwezi wa pili, kikohozi karibu kimeisha, nakula mpaka najishangaa.

Tatizo ni watu Anti. Yule binti anayenisaidia kuosha vyombo aliona vidonge kwenye mkoba wangu, akauliza, nikamwambia ukweli nikijua ni mtu wangu, kesho yake gereji nzima inajua. Fundi mmoja mteja wangu wa siku zote kaja na sahani yake kutoka kwao, mwingine anataka nimwekee kwenye kontena aondoke, wengine hawaji kabisa wanapita wanaangalia pembeni. Nilikuwa napika wali kilo tano sasa hivi kilo mbili inabaki.

Nyumbani napo mama mkwe kaja kutuangalia, kanitengea sahani, kikombe na kijiko, kavipaka rangi ya kucha ili visichanganyike, vinaoshwa mwisho na maji ya moto na jiki. Anasema kwetu kuna kifua, ugonjwa wa ukoo, sababu bibi yangu mzaa mama alikufa na kifua kikuu Muheza nikiwa mdogo. Baba watoto amehamia kwenye kochi na anataka niende Muheza mpaka nimalize dozi, banda tufunge. Mtoto mdogo wa miaka mitatu nalala naye mimi kitandani sababu hakubali kulala kwingine, chumba chetu dirisha hatufungui, mbu wengi na kuna vibaka wanavua nguo dirishani na mti.

Sasa Anti naomba unisaidie. Je ni kweli nimewalisha watu TB kwenye chakula? Nifunge banda niende Muheza au nibaki? Na hizi dawa zinanichefua asubuhi, kwa kuwa nimeshapona kifua si naweza kuziacha hata nipumzike mwezi? Kuna mtu kaniambia nizimeze na maziwa ndo zinapoa na maziwa yanasafisha mapafu. Kitu kingine natumia vidonge vya majira, sijui kama vinagombana na dawa za TB, nesi sikumuuliza niliona aibu watu walikuwa wengi.

Ni mimi, Mama Ntilie wa Buguruni


ANTI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kabla sijastaafu unesi nilikaa kliniki ya TB hapa hapa Dar miaka mingi kwa hiyo hadithi ya sahani naijua, ila hii ya rangi ya kucha ni mpya, mama mkwe kajitahidi kweli jamani. Tatizo kahangaikia kitu ambacho hakina kosa.

Hujamlisha mtu TB. TB ya mapafu haipiti kwenye sahani wala kikombe wala wali uliopakua kwa mkono wako, haipiti kwa kupeana mikono, kwa kukalia benchi moja, kwa kuazimana kanga wala kwa choo cha kuchangia. Inapita hewani. Mtu mwenye TB ya mapafu ambaye hajaanza dawa akikohoa, akipiga chafya, akiimba, hata akiongea kwa sauti, anatoa vitone vidogo vidogo. Vile vikubwa vinaanguka chini vimeisha kazi, vile vidogo kabisa visivyoonekana vinakauka vinabaki vinaelea na mdudu wa TB yumo humo ndani, sasa mwenzio akivivuta vinateremka mpaka mwisho kabisa wa mapafu kwenye vile vifuko vya hewa, na hapo ndo mdudu anapata makazi. Mdudu aliyedondokea kwenye sahani harudi tena hewani akavutwa. Kwa hiyo maji ya moto na jiki ni usafi mzuri tu, lakini kwa TB hayajazuia kitu.

We mpishi nitakwambia hivi utanielewa. Ukikaanga kitunguu kwenye chumba kilichofungwa, moto umezima na sufuria umeshaitoa, mtu akiingia baadaye kabisa bado anajua humu kulikuwa kunapikwa, lakini ukikaanga pale bandani upepo unachukua muda huo huo. Hewa yenye wadudu wa TB inakwenda hivyo hivyo. Ndo maana nikiangalia barua yako, pale gereji penye upepo pande zote ambapo watu wanakukimbia ni sehemu ya nafuu kuliko zote, na mahali pa kutisha ni hicho chumba chenu cha kulala ambacho dirisha halifunguliwi, mmelala watatu humo mnavuta hewa ile ile kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri, tena miezi yote ile uliyokuwa unakohoa kabla ya dawa. Na hicho hakuna aliyekisemea! Baba watoto kakimbilia kwenye kochi wakati hewa ya hatari zaidi alishaivuta tangu mwezi wa saba.

Sikutishi. Mtu akianza dawa na akizimeza vizuri, na kama TB yake siyo ile sugu, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hivi uwezo wa kuambukiza unashuka sana, na wewe unaingia mwezi wa pili. Kwa hiyo leo hii wewe unayejulikana na kila fundi kwamba una TB huenda ni salama kukaa naye kuliko yule jamaa anayekohoa wiki ya tano pale gereji na anasema ni vumbi. Hebu mchunguze huyo, maana sijawahi kuona kijiwe cha wanaume kikakosa mmoja.

Turudi chumbani. Fungua dirisha, na mlango wa sebuleni pia ukiweza mchana, hewa ipite iende upande wa pili, na pazia livutwe jua liingie maana mdudu huyu jua halipendi, linamuua. Mbu nakubali ni tatizo, Dar bila neti hulali, lakini wavu wa dirisha unauzwa kwa mita na fundi anaupigilia muda mfupi tu, ukikosa hela sasa hivi neti ya kitanda inatosha. Vibaka dawa yao ni kutoweka nguo wala simu karibu na dirisha, hawana cha kuvua. Nimeshaona watu wananunua kila aina ya dawa ya kienyeji ya kifua lakini wavu wa dirisha wanasema ghali. Na hili la kufunga madirisha ni ugonjwa wetu wote, panda daladala la Gongo la Mboto siku ya mvua uone, watu wamesimama mpaka mlangoni, vioo vyote juu, mmoja anakohoa nyuma huko na ukigusa kioo unatukanwa.

Sasa huyu mtoto wa miaka mitatu, hapa naomba usome polepole, kwa sababu katika barua yote yeye ndo amenikosesha raha na wewe umemtaja kama kwa bahati mbaya. Mtoto chini ya miaka 5 anayelala na mgonjwa wa TB kinga yake bado changa, akiambukizwa anaweza kuugua haraka, na TB ya watoto ina tabia ya kutoka kwenye mapafu ikaenda kwingine mpaka kwenye utando wa ubongo, na hiyo ni mbaya sana. Usiseme alishachomwa ile chanjo ya begani akizaliwa. Ile ni BCG, ilianza kutumika kwa binadamu Ufaransa mwaka 1921, inasaidia kweli kuwakinga watoto wadogo na TB kali kama hiyo ya ubongo lakini haizuii zote, na kovu begani siyo cheti kwamba hataugua. Kwa hiyo mpeleke kwenye kliniki ile ile unayochukulia dawa, wiki hii, useme huyu ni mtoto wangu nalala naye. Watampima uzito wataangalia kadi yake, watauliza kama anakohoa, kama ana homa zisizoeleweka, kama hachezi kama zamani, kama uzito umegoma kupanda. Mtoto makohozi hajui kuyatoa, anayameza, kwa hiyo inaweza kuhitajika eksirei au vipimo vingine, usishangae wala usidhani wanakuzungusha. Wakikuta anaumwa anatibiwa na watoto wanapona vizuri. Wakikuta haumwi, atapewa dawa ya kinga ili kama mdudu ameshaingia asije akaamka. Wazazi wengi hapa ndo wanagoma, wanasema mtoto mzima namnywesha dawa ya nini. Mnyweshe.

Na mtoto mkubwa naye aende, na baba watoto, na mama mkwe mwenyewe na rangi yake ya kucha kama amekaa kwenu siku nyingi. Yule binti pia. Najua umemkasirikia na una haki, siri ya mgonjwa haitangazwi gereji, lakini amekaa pembeni yako kutwa nzima miezi ile unakohoa, mpeleke akapimwe halafu ugomvi wenu mtaumaliza baadaye.

Ya ukoo nitaimaliza haraka. TB hairithiwi, siyo kama rangi ya macho. Ni ugonjwa wa mdudu, na mdudu mwenyewe alishaonekana zamani, daktari Mjerumani anaitwa Robert Koch alimtangaza Berlin tarehe 24 Machi 1882 ndo maana kila 24 Machi unaona maandamano ya siku ya kifua kikuu. Inaonekana kama ya ukoo kwa sababu watu wa ukoo mmoja wanalala nyumba moja. Bibi yako alivuta hewa ya mtu, na wewe umevuta ya mtu, inaweza kuwa mwaka huu inaweza kuwa miaka kumi iliyopita, kwa sababu inakadiriwa karibu robo ya watu duniani wameshaingiwa na mdudu huyu na wengi wao hawataugua maisha yao yote, kinga ya mwili inamfungia ndani analala. Katika kila watu 100 walioingiwa ni 5 mpaka 10 hivi ndo anakuja kuamka, hasa mwili ukidhoofika kwa njaa, kisukari, pombe nyingi, sigara, au virusi vya ukimwi. Ndo maana walikupima ukimwi, kila mgonjwa wa TB anapimwa, na majibu yako yawafunge mdomo hao wa ngoma. Ingawa hata ungekuwa nao isingekuwa kazi yao. Kwa hiyo mwenzako wa banda la pili mwache apike zake, hajakutupia kitu.

Haya, dawa. Swali lako la kupumzika mwezi ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine. Usipumzike hata siku moja. Kukohoa kuisha siyo kupona, ni kwamba wale wadudu wanaozaliana kwa kasi wameuawa kwenye wiki hizi za mwanzo, wamebaki wale wavivu waliojificha. Mdudu wa TB ni mzito ajabu, mdudu wa kawaida wa tumboni akipata mazingira mazuri anaweza kujigawa kila dakika 20, huyu anachukua kama saa 20, na dawa nyingi zinampata vizuri pale anapokuwa anafanya kazi, sasa akilala tu inabidi umsubiri. Ndo sababu ya miezi 6. Miezi miwili ya mwanzo kila kidonge kina dawa nne ndani yake, halafu minne inayobaki zinakuwa mbili. Ukikatisha katikati wanaobaki ni wale waliozizoea dawa, wanazaliana hao, unapata TB sugu ambayo vidonge hivi haviigusi, na mbaya zaidi unawaambukiza watoto wako hiyo hiyo sugu moja kwa moja. Nimekaa na wagonjwa wa TB sugu enzi zile za sindano kila siku kwa miezi, wengine masikio yaliharibika, wengine walisafirishwa mpaka hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro wakaacha familia. Siku hizi matibabu yake yamekuwa mafupi na yana vidonge zaidi, afadhali, lakini bado siyo kitu cha kujitakia kwa sababu ya kichefuchefu.

Kichefuchefu kinatibika. Kama ukimeza na tumbo tupu unachefuka, kula kitu kidogo, kipande cha chapati au uji, halafu meza, au waambie kliniki wengine wanameza usiku kabla ya kulala. Ganzi na kuchomwachomwa miguuni pia sema, kuna vitamini wanatoa. Ila yapo ya kukimbilia kliniki siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe: macho kuwa ya njano, kutapika mfululizo, tumbo kuuma upande wa kulia juu, kuona ukungu au rangi kuchanganyika machoni. Na pombe acha kabisa mpaka umalize, ini lako lina kazi ya kutosha. Mkojo mwekundu usiuogope, hata machozi na jasho vinaweza kubadilika rangi, ni ile dawa inaitwa rifampisini.

Na ni hiyo hiyo rifampisini inayogombana na vidonge vya majira. Hapa umefanya la maana sana kuuliza. Inaliamsha ini linachoma ile homoni haraka, kwa hiyo unameza majira kila siku kwa uaminifu na mimba inaingia. Kijiti nacho kinapunguzwa nguvu. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi ndo havisumbuliwi sana. Wakati unasubiri kubadilisha tumieni kondomu, maana baba watoto atarudi kutoka kwenye kochi siku si nyingi. Na aibu uache, mvute nesi pembeni umwambie Sista nina neno la siri, anasikia hayo kila siku.

Muheza. Kama unakwenda kupumzika kwa mama na kula vizuri sikukatazi, kijijini kuna hewa. Lakini kwenda kwa sababu ya kufukuzwa, halafu ufike kule uanze kutafuta kituo na dawa zimekwisha, hapo ndo dozi zinakatikia. Ukiamua kwenda chukua kwanza barua ya uhamisho kliniki, na kadi yako, ili kituo cha kule kikupokee kikupe dawa zile zile. Ila ningekuwa mimi ningebaki. Mwisho wa mwezi wa pili unarudia makohozi, tena mwezi wa tano na ukimaliza, na anayekujua ni huyo nesi aliyekuandika kwenye lile daftari kubwa. Usilidharau lile daftari. Mwaka 1977 nchi hii ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, akawepo daktari mmoja wa Chekoslovakia anaitwa Karel Styblo, na wakaonyesha hapa hapa Tanzania kwamba hata nchi isiyo na hela inaweza kutibu TB ikipima makohozi, ikitoa dawa za muda mfupi bila kukatika na kumwandika kila mgonjwa na kumfuatilia mpaka mwisho. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likauchukua utaratibu huo likausambaza dunia nzima. Kwa hiyo nesi akikupigia simu kwa nini hujaja hakuonei. Na kule Morogoro wako panya buku waliofundishwa kunusa makohozi wanamtambua mgonjwa ambaye hadubini imempita, hilo kamsimulie fundi wako wa sahani ya nyumbani, atasahau habari zako kwa wiki nzima.

Banda usifunge. Mwambie nesi akupe tarehe ambayo ameridhika na wewe kurudi kazini kama kawaida, wengi wanaruhusiwa mapema tu wakishaanza dawa. Mpaka hapo na hata baadaye kikohozi kikija ziba mdomo na kanga au ndani ya kiwiko, makohozi usiteme chini, yaweke kwenye karatasi uichome au kopo lenye mfuniko, vaa barakoa ukiwa mahali pa ndani na watu. Kwa wateja usijieleze kwa kila mtu mmoja mmoja kama mtuhumiwa. Mchague yule fundi mwenye sauti, kuna mmoja anayesikilizwa na wote, umwambie mbele za watu kwamba ndiyo nilikuwa na TB, niko kwenye dawa, kliniki wamesema siambukizi, na haipiti kwenye chakula, anayebisha twende naye kliniki akaulize, nauli yangu. Na uwaambie anayekohoa zaidi ya wiki mbili kati yao akapime, ni bure, na dawa ni bure, vituo vya afya vya serikali vinapima, na hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala zina kliniki. Ukimpata hata mmoja akaenda akakutwa nayo utaona jinsi gereji itakavyorudi kula. Kwa mwaka 2023 peke yake dunia nzima walikadiriwa kuugua watu milioni 10.8, haiwezekani wewe uwe peke yako Buguruni.

Kwa mama mkwe usigombane. Mwombe baba watoto aende naye siku ya kliniki, akae kwenye benchi amsikie nesi mwenyewe, mkwe mara nyingi habishani na gauni jeupe. Baba watoto pia anaweza kuwa msimamizi wako wa dawa, yaani anakuona unameza kila asubuhi, hiyo ni kazi bora kuliko kulala kwenye kochi.

Maziwa nimeyaacha mwisho kwa sababu siyo ya kuumiza kichwa. Hayasafishi mapafu, hakuna chakula kinachosafisha mapafu. Dawa imeze na maji. Lakini kunywa maziwa saa nyingine ukiweza, na mayai, dagaa, maharage yako mwenyewe, umepungua sana na mwili unataka kujengwa. Ila yachemshe mpaka yafoke, usinunue mabichi ya kopo pale njia panda ukanywa hivyo hivyo, maana ng'ombe nao wana TB yao na ile ndo inaweza kupita kwenye maziwa mabichi. Kesho ukiamka anza na mtoto, kadi yake ya kliniki usiisahau nyumbani, na uwahi kabla foleni haijawa ndefu.

Anti